Nyimbo za Kakuma na Historia ya Misheni

Waandishi wa historia ya misheni ya Kianglikana nchini Kenya huanza na Krapf, Mombasa, mwaka 1844, kisha huifuata reli kwenda bara. Njia hiyo haifiki Turkana. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya hiyo. Lodwar ilikuwa boma la utawala na mahali pa kizuizi, ambako Jomo Kenyatta aliwekwa tangu 1959 hadi 1961.

Uanglikana wa kambi ya Kakuma una chimbuko jingine. Chama cha CMS kilifungua kituo Malek, karibu na Bor, kati ya 1905 na 1906, na mkutano wa Rejaf wa 1928 ukakiteua Kidinka kuwa miongoni mwa lugha za shule. Hata hivyo, waumini walibaki wachache. Wamisionari wa kigeni walifukuzwa mwaka 1964; ni vita vilivyozuka 1983 vilivyolijaza kanisa. Vijana waliotimuliwa Ethiopia mwaka 1991 walifika Kakuma mwaka uliofuata, nao walikuja na nyimbo zao.

Nyimbo hizo zimeachiwa wanateolojia, na hapo ndipo uhakiki wetu ulipopotoka. Tenzi za awali zilitafsiriwa na kutiwa katika lahani za Kiingereza. Kidinka ni lugha ya toni: lahani ikipanda pale neno linaposhuka, maana huparaganyika. Watunzi wa wakati wa vita, wengi wao vijana na wanawake, akiwamo Mary Alueel Garang, waliziacha lahani hizo wakarudia mapigo ya nyimbo za jadi. Hii si tafsiri tena. Ni fasihi simulizi kamili, japokuwa msamiati wake ni wa Biblia. Anayedai kwamba misheni iliua utungaji wa wenyeji hana budi kueleza jambo hili, na anayeisifu misheni kwa nyimbo hizo ana kazi ngumu zaidi, maana zilichanua baada ya wamisionari kuondoka.

Kuna suala la istilahi pia. Mdinka humwita Mungu Nhialic, Mturkana humwita Akuj. Majina yote mawili yamejengwa juu ya dhana ya “juu”, ingawa lugha hizo ni za matawi tofauti ya Kiniloti. Ulinganifu huo haujachunguzwa katika nyimbo zenyewe. Wanafunzi wetu hutumwa Lamu kukusanya tenzi (nami nimewatuma). Sijamwona aliyetumwa Kakuma.