Tarakilishi na Utata wa Neno: Umbo na Maana katika Uhakiki wa Ushairi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu hutenganisha fani na maudhui, kana kwamba umbo ni chombo tu cha kubebea maana iliyokwisha kukamilika. Uchanganuzi wa lugha kwa tarakilishi unayatilia shaka mazoea hayo. Mnamo 1983, Kimmo Koskenniemi wa Helsinki aliasisi mofolojia ya viwango viwili, ambamo kanuni huoanisha umbo la ndani la neno na umbo linaloandikwa. Arvi Hurskainen aliutumia mfumo huo kukichanganua Kiswahili, akachapisha matokeo yake mwaka 1992.

Mfumo wa aina hii hulichukua neno na kuorodhesha changanuzi zake zote zinazokubalika kisarufi. Neno "kaa" katika "kaa jikoni" lina angalau tatu: kitenzi cha kuamuru, kiumbe wa majini na kipande cha moto. Hatua inayofuata huwa ni kuuondoa utata kwa kuzingatia muktadha, hasa upatanisho wa kisarufi: "kaa huyu" ni kiumbe, "kaa hili" ni la moto.

Kwa mfasiri, hatua hii ni ya lazima. Kwa mhakiki wa ushairi, ina hatari. Tuchukulie mshororo wenye kipande "nimeona kaa". Kiambishi cha mtendwa kingeufunga utata mara moja: "nimemwona kaa" au "nimeliona kaa". Wala haiwezi kudaiwa kwamba mizani ndiyo iliyokizuia, kwani "nimeona kaa" na "nimemwona kaa" zote zina mizani sita. Hapa maana inatokana na mofimu isiyokuwapo. Mhakiki anayesaka maudhui pekee hupita bila kuiona. Tarakilishi, kwa kuwa haina pupa ya kuelewa, huorodhesha maana zote zilizobaki wazi.

Hata hivyo, orodha si uhakiki. Kiambishi huenda kimeachwa kwa sababu tu kaa huyo hajulikani bado, wala si kwa kusudi la kuchezea maneno. Jambo hilo huamuliwa kwa kulisoma shairi zima, pamoja na mapokeo yake. Kwa hiyo mhakiki asiiulize mashine maana ipi ndiyo sahihi. Aiulize ni wapi umbo limekataa kuchagua, kisha yeye mwenyewe aeleze sababu.