Maji ya Moto Kabla ya Barafu

Njegere zilizogandishwa vibaya utazijua kwa pua kabla ya ulimi. Zinanuka majani makavu, rangi imefifia, na hata tui zito haliwezi kuziokoa. Zangu ziliharibika hivyo mwaka nilionunua ndoo nzima msimu ulipokolea. Nilizimenya, nikazijaza mifukoni, nikazitia kwenye friza zikiwa mbichi. Kwa miezi mitatu friza haikuzima hata siku moja, na bado hazikulika.

Wengi huamini kwamba kugandisha ni suala la baridi tu. Kwa samaki, imani hiyo ina ukweli mwingi. Mmarekani Clarence Birdseye, aliyekwenda Labrador, Kanada, mwaka 1912 na kufanya biashara ya manyoya, aliwaona Wainuit wakivua samaki katika baridi kali kiasi kwamba samaki hao waliganda papo hapo. Walipopikwa miezi kadhaa baadaye, ladha yao ilikuwa ya samaki aliyevuliwa leo. Siri ni ukubwa wa chembe za barafu. Maji mengi ya chakula huganda kati ya nyuzi -1 na -5 za Selsiasi. Chakula kikichelewa hapo, chembe hukua na kupasua kuta za seli, na siku ya kukiyeyusha maji humwagika, kikabaki teketeke. Kikipita upesi, chembe hubaki ndogo. Ndiyo maana Birdseye alibuni mashine ya kubana vifurushi vyembamba kati ya mabamba mawili ya chuma yaliyopozwa. Tarehe 6 Machi 1930, huko Springfield, Massachusetts, bidhaa zake zilianza kuuzwa madukani, njegere na spinachi zikiwamo.

Mboga, hata hivyo, ina tatizo ambalo baridi peke yake haimalizi. Ikishachumwa, vimeng'enya vyake vinaendelea na kazi, na friza ya nyumbani ya nyuzi -18 huvipunguza kasi tu. Hivyo ndivyo vinavyofifisha rangi, vinavyopunguza vitamini na kuleta ile harufu ya majani makavu. Kinachovizima ni joto, na kwa maoni yangu sufuria inastahili sifa nyingi kuliko friza.

Chemsha maji mengi, kama lita 4 kwa nusu kilo ya njegere, ili yasipoe sana mboga ikiingia. Yakirudi kuchemka, anza kuhesabu: njegere dakika moja na nusu, spinachi na karoti za vipande vidogo dakika 2, maharage machanga ya maganda dakika 3. Aliyeko Nairobi, au popote palipo juu ya mita 1,500, aongeze dakika 1, kwa kuwa huko maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Muda huu usiupunje hata kidogo. Joto lisilotosha huvichochea vimeng'enya badala ya kuviua, na mboga iliyochovywa nusunusu huharibika kuliko ile ambayo haikuchovywa kabisa.

Ikitoka motoni, izamishe kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, kisha ichuje mpaka ikauke vizuri. Itandaze kwenye sinia, tabaka moja tu. Hapa ndipo hekima ya yale mabamba inapoingia jikoni kwetu: furushi likiwa nene mara mbili, muda wa kuganda huzidi mara mbili. Njegere zikishakuwa ngumu kama kokoto, zitie mfukoni, kamua hewa yote, andika tarehe. Zitakaa vizuri miezi 8 hadi 12.

Matango na majani ya saladi yaache yaliwe mabichi. Maji yake ni mengi mno.

Siku ya kupika, usiziyeyushe njegere kwanza. Zimimine kwenye mchuzi zikiwa bado na barafu, tena mwishoni, mchuzi unapokaribia kuepuliwa, maana moto zilishauonja.