Sosi ya Jibini Isiyo na Maziwa: Mtihani Uko Kwenye Pilipili

Anayetaka kupika sosi yenye mwelekeo wa jibini bila kutumia maziwa huhangaika zaidi na ladha: ule uchachu na chumvi ya jibini ataupata wapi? Hilo lina majibu mepesi. Ndimu inatoa uchachu, nyanya ya kopo inatoa ladha nzito, manjano yanatoa rangi. Sosi nyingi za aina hii huharibiwa na pilipili, kwa sababu mpishi huipima kana kwamba maziwa bado yamo. Kapsaisini, kemikali inayowasha, haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta. Jibini ina mafuta, lakini pia ina kaseini, protini ya maziwa inayoinasa kapsaisini na kupunguza makali yake. Ndiyo maana mtu aliyeungua mdomo kwa pilipili hupata nafuu kwa maziwa kuliko kwa maji. Ukiyaondoa maziwa, umemwondoa mpoozaji. Pilipili mbuzi ambayo ingechangamsha tu sosi ya jibini, kwenye sosi hii, inayotengenezwa kwa korosho badala ya jibini, inaweza kufunika ladha zote.

Dawa yake si kuiacha pilipili, bali kubadili kiasi na mpangilio. Chukua nusu ya pilipili mbuzi na ukwangue ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, maana kapsaisini nyingi imo humo, si ndani ya mbegu zenyewe kama wengi wanavyoamini. Ikaange pamoja na kitunguu saumu kwenye vijiko viwili vya mafuta, moto mdogo, ili mwasho usambae katika mafuta badala ya kubaki kwenye vipande vinavyomvizia mlaji. Hapo ndipo inapoingia kwenye blenda pamoja na gramu 150 za korosho mbichi zilizolowekwa nusu saa katika maji ya moto, mililita 350 za maji, kijiko kikubwa cha wanga wa muhogo, kijiko cha chai cha nyanya ya kopo, manjano kidogo na chumvi. Saga mpaka chembe zisisikike ukisugua tone kati ya vidole. Kisha pika huku ukikoroga bila kuacha. Kwa muda itakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, halafu ghafla mwiko utaanza kuacha njia chini ya sufuria: wanga wa muhogo na wa korosho umeiva. Epua. Ndimu huwekwa baada ya kuepua, kwa kuwa asidi ikichemka na wanga huuvunja na sosi hurudi kuwa majimaji. Onja, usubiri kama dakika moja kabla ya kuongeza pilipili, kwani mwasho uliomo kwenye mafuta huchelewa kujitokeza.

Wapo watakaouliza kwa nini tui la nazi lisitumike, nalo lina mafuta tele. Linafaa kwa kuyeyusha kapsaisini, ila halina kaseini, na ladha yake haikubali kujificha: utapata mchuzi mzuri wa nazi, si sosi hii. Wengine watasema jibini iliyokomaa muda mrefu ina laktosi kidogo mno, hivyo asiyepatana na maziwa anaweza kuila. Ni kweli kwa wengi wao, lakini haimsaidii mwenye mzio wa protini ya maziwa wala asiyekula kabisa vitu vya mnyama. Hoja ya bei ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu korosho nzima ni ghali hata kwa aliye karibu na Mtwara. Basi nunua zilizovunjika, ambazo huuzwa kwa bei ya chini. Blenda haijali umbo. Mwenye mzio wa korosho asijaribu hata kidogo. Atumie mbegu za alizeti zilizomenywa, akijua kwamba sosi yake itaelekea ukijivu na itahitaji manjano zaidi.