Wimbo Usirukwe

Katika vibanda vya vidio hapa Lokori, Turkana, sinema ya Kihindi siku hizi haina wimbo. Wimbo umo ndani ya filamu, lakini haufiki masikioni mwa watu. Ala zinapoanza tu, shujaa anapogeuka kumtazama mpenzi wake, mwenye vidio anabonyeza rimoti. Picha zinakimbia bila sauti, midomo inachezacheza, nguo zinabadilika rangi, na kufumba na kufumbua tumefika kwenye ngumi. Vijana wanashangilia. Nje jua linachoma mabati, umeme wa sola ni wa kupimwa, na kila dakika ina bei yake. Nilipomuuliza mwenyewe kwa nini anafanya hivyo, alinijibu kwa adabu: “Mwalimu, nikiacha wimbo uishe, hawa wote watatoka nje.”

Simlaumu mtu anayetafuta unga wa watoto wake. Lakini siku hiyo mlangoni alikaa mzee mmoja juu ya kigoda chake, ekicholong, fimbo mapajani, na ndiye aliyeuliza swali lililonikaa moyoni: mbona mnamkatiza mtu akianza kuimba? Vijana walicheka, wakadhani mzee hajui sinema. Kumbe mzee anajua wimbo, na anayejua wimbo ameshajua nusu ya sinema ya Kihindi.

Kwa Waturkana, mwanamume huwa na maksai wake wa kipenzi na wimbo wake. Humsifu kwa rangi yake, kwa pembe zilivyoelekezwa tangu akiwa ndama, kwa malisho waliyovuka pamoja, na kwa rafiki aliyemkabidhi mnyama huyo. Akisimama kuimba kwenye ngoma ya edonga, hakuna anayemwambia afupishe ili mambo yaendelee, kwa sababu mambo yenyewe ndiyo hayo. Mtu aliyelelewa hivyo haoni ajabu mhusika wa filamu akisimama katikati ya shida na kutoa wimbo. Angeona ajabu kama asingeimba.

Iko filamu ambayo ningetamani mzee yule aione. Inaitwa Teesri Kasam, ya mwaka 1966. Shujaa wake, aliyeigizwa na Raj Kapoor, ni mwendesha mkokoteni wa ng'ombe anayemsafirisha mcheza ngoma hadi kwenye maonyesho ya kijijini. Safari ni ndefu, ng'ombe wanakwenda mwendo wao, na yeye anaimba. Hakuna haraka yoyote. Mapenzi yanaota humo humo ndani ya wimbo na vumbi la njia, wala hayasemwi waziwazi. Aliyeitoa filamu hiyo kwa fedha zake ni Shailendra, mshairi aliyewahi kuwa fundi katika karakana ya reli mjini Bombay kabla ya kuwa mtunzi wa maneno ya nyimbo ambazo nusu ya dunia ilizikariri. Filamu haikuuza. Shailendra aliingia madeni, akafariki Desemba 1966, mwaka uleule filamu ilipotoka. Baadaye ikapewa tuzo ya taifa ya filamu bora ya India. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka na huzuni yake.

Kuna tukio katika filamu nyingine ambalo sichoki kulitazama. Mwaka 1959 Guru Dutt alitoa Kaagaz Ke Phool, filamu ya kwanza ya India kupigwa kwa picha pana ya sinemaskopu. Inamhusu mwongozaji wa filamu anayeporomoka kutoka kilele cha sifa hadi kusahauliwa. Katikati yake, mwongozaji huyo na mwigizaji anayempenda wamesimama ndani ya studio tupu, mbali mbali, na wote wawili wanajua kwamba hawawezi kuwa pamoja. Wimbo unaanza kwa sauti ya Geeta Dutt, mkewe Guru Dutt katika maisha halisi. Hakuna anayefungua kinywa. Kutoka juu, mwali mmoja mnene wa mwanga unashuka gizani hadi sakafuni. Vivuli vya wale wawili vinatoka miilini mwao, vinatembea polepole, vinakutana ndani ya mwali. Miili yenyewe imebaki palepale ilipokuwa.

Mwali ule haukutoka kwenye taa. Mpiga picha V. K. Murthy alitaka miale inayokwenda sambamba, na taa za studio hutawanya mwanga. Akaweka kioo kikubwa nje ya jengo kulinasa jua, na kioo cha pili juu ndani kulipokea na kulielekeza chini. Yeyote aliyekaa katika kibanda cha vidio hapa Lokori saa nane mchana ameuona mwali wa namna hiyo: bati lina tundu la msumari, jua limepenya, na vumbi linaelea ndani yake. Sisi tunauziba kwa kipande cha kitambaa ili picha ionekane vizuri. Murthy aliuona, akaupa kazi ya kubeba mapenzi ya watu wawili.

Watu hawakuipokea filamu hiyo. Ilianguka vibaya, na Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji wa filamu yoyote. Alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 39. Murthy alisubiri: Tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 2008, heshima kubwa kuliko zote katika sinema ya India, ilipewa yeye, mpiga picha wa kwanza kuipata.

Mtu angeweza kusema basi ufundi na soko ni maadui, na kwamba kizuri lazima kife maskini. Lakini mwaka mmoja tu baada ya anguko hilo, mwaka 1960, ilitoka Mughal-e-Azam. Mwongozaji wake, K. Asif, aliihangaikia kwa zaidi ya miaka 10. Kwa ajili ya wimbo mmoja alijengewa ukumbi wa vioo kutoka Ubelgiji, na ujenzi ukachukua miaka miwili. Wimbo huo ulipigwa kwa rangi ilhali sehemu kubwa ya filamu ni nyeusi na nyeupe. Lata Mangeshkar aliuimba, Naushad aliutungia muziki, na mwisho wake picha ya Madhubala anayecheza inajaa katika kila kipande cha kioo darini, mbele ya mfalme aliyemkataza kupenda. Filamu ile ilivunja rekodi zote za mapato, na rekodi yake ikadumu mpaka Sholay ya mwaka 1975.

Vioo vya 1959 na vioo vya 1960 viliwekwa na mafundi wenye subira ileile. Kimoja kilileta hasara, kingine kikaleta utajiri. Fedha, basi, hazikujua lolote kuhusu kazi ile. Zilikuja au hazikuja, kama mvua. Jambo ambalo mafundi wale walikuwa na mamlaka nalo ni kungoja mpaka jua likae sawa kwenye kioo.

Na watazamaji wa zamani nao walikuwa na ufundi wao wa kutazama. Pwani yetu, kuanzia Zanzibar hadi Mombasa, watu walirudi kwenye filamu ileile mara nyingi kwa ajili ya nyimbo zake, hadi wasiojua neno la Kihindi wakaziimba jikoni na mashuani. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua sauti za nyimbo hizo, akazivika mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, na taarabu yake ikapigwa kwenye harusi kwa miongo kadhaa. Wimbo ambao ungerukwa kwa rimoti usingeweza kuzaa wimbo mwingine.

Leo filamu inapotoka India, habari ya kwanza tunayosikia ni mapato. Tangu Ghajini ya mwaka 2008 ivuke kroo 100, yaani rupia bilioni 1, ndani ya India, watu wamejifunza kuitaja filamu kwa hesabu yake. Filamu hupimwa kwa siku tatu za mwanzo, kabla aliyeitazama hajapata nafasi ya kuikumbuka. Wimbo nao umegeuka tangazo: hutolewa wiki kadhaa kabla ili kuita watu, kisha ndani ya filamu unapita mbio au haumo kabisa. Kwa hiyo kijana wa Lokori anayebonyeza rimoti hakubuni kosa hilo. Limemfikia likiwa limekamilika.

Wala sitaki kuwadharau wasimuliaji wanaoifasiri filamu huku ikionyeshwa. DJ Afro hapa Kenya na Lufufu kule Tanzania waliwapa watu wa kawaida filamu kwa lugha wanayoielewa, na kumsimulia mtu hadithi akacheka na kuogopa mahali panapostahili ni kazi ya kipaji. Ninachoomba ni kwamba msimuliaji mwenye kipaji ajue pia pa kunyamaza. Wimbo ukianza, aseme kwa sentensi moja wanachoimba, kisha aachie sauti.

Huku kwetu wapo vijana wanaoweza kuupa wimbo nafasi yake vizuri kuliko sisi. Shirika la FilmAid lilianza kuonyesha filamu katika kambi ya Kakuma mwaka 2001, na baadaye likawafunza vijana wakimbizi kupiga filamu zao wenyewe. Siku hizi simu ya kawaida inapiga picha safi. Wewe uliye Kakuma, Kalobeyei, Lodwar au hapa Lokori, nenda kwa mzee anayejua wimbo wa maksai wake, muombe ruhusa, umpige picha mpaka amalize. Usikate kwa sababu ni mrefu. Usiongeze ngumi. Wazee hao wanapungua kila kiangazi, mifugo yao mingi imekufa kwa ukame, na nyimbo zinaondoka nao. Huenda usipate senti hata moja kwa kazi hiyo. Ifanye hivyohivyo, na uifanye vizuri.