Kazi za Chama Zilivyogawanywa

Kibiti ubishi wa Simba na Yanga hauna msimu, ila ule wa Julai 2024 ulikuwa na moto wake. Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, alimaliza mkataba Msimbazi, kwa Simba, akahamia Jangwani, kwa Yanga. Simba wakamleta Jean Charles Ahoua, kijana wa miaka 22 kutoka Stella Club d'Adjamé, mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast msimu uliokuwa umekwisha. Kwenye vijiwe vya kahawa watu wakaulizana: huyu ni zaidi ya Chama, au tumepigwa? Wa Yanga walijibu kabla hawajaulizwa.

Waliokuwa wakibishana walimpima mtu kwa mtu. Namba kumi aliyezoeleka akiondoka humwachia kocha kazi nyingi mkononi, na ni kocha anayeamua nani abebe ipi. Kwa hiyo tuanze na kazi zenyewe.

Chama alikuwa akishuka kati ya viungo na mabeki wa wapinzani, mgongo umeelekea goli, anapokea mpira kwa mguu ulio mbali na beki, halafu anasimama. Kusimama huko ndiko kulikowakera wengi wakamwita mzito, kumbe ndiko alikowindia. Beki wa kati akikosa subira akatoka kumfuata, nyuma yake panabaki uchochoro, na pasi inapita humo. Timu zilizokuja kupaki basi zilifunguliwa hivyo. Na mwenyewe alijua kufunga: Machi 2019 bao lake la dakika ya 90 liliwaua AS Vita na kuipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Machi 2023 Horoya walikula saba bila, matatu ya kwake. Gharama ilikuja mpira ukipotea. Chama si mtu wa kukimbizana, na wenzake ndio waliolipa kwa mapafu yao.

Ahoua hapendi kukaa na mpira. Anagusa mara moja, mara mbili, anautoa, kisha anaingia kwenye boksi kwa kuchelewa kidogo, mabeki wakiwa wameshughulika na Leonel Ateba au Steven Mukwala. Ongeza mipira ya kutengwa: penalti, faulo, kona. Kocha Fadlu Davids akamweka nyuma ya mshambuliaji mmoja na kumwachia kazi hizo. Kuujenga mchezo kutoka nyuma ikawa zaidi kazi ya Fabrice Ngoma. Elie Mpanzu alipopata ruhusa ya kucheza katikati ya msimu, ile kazi ya kumtoa beki mahali pake ikahamia pembeni: Chama alimtoa kwa kumsubiri, Mpanzu anamtoa kwa kumkimbilia.

Kwa hesabu ya mabao, mgao huo ulilipa. Ahoua alimaliza ligi ya 2024/25 akiwa mfungaji bora kwa mabao 16, mawili zaidi ya Clement Mzize wa Yanga, na Ahoua mwenyewe ni kiungo. Wabishi wakasema toeni penalti kwanza. Mimi sizitoi, maana penalti nazo hukoswa na kuna timu zimelia kwa kukosa mpigaji. Ila nakubali kwamba penalti haikwambii kama mtu anaweza kuufungua ukuta uliojipanga.

Mechi za kuangalia ni zile za Stellenbosch, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Aprili 2025. Mchezo wa kwanza ulipigwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu Uwanja wa Mkapa ulikuwa umefungiwa. Kwa mtu wa Kibiti hilo lilikuwa pigo. Mkapa uko upande wetu wa jiji; unashika Barabara ya Kilwa, Bungu, Mkuranga, Mbagala, umefika bila kuiona Kariakoo. Safari hii tuliishia kibanda umiza. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza Ahoua akatenga faulo na kuipeleka moja kwa moja wavuni. Marudiano Durban yakaisha bila bao. Dakika 180, bao moja, na limetokana na mpira uliosimama. Bao hilo liliipeleka Simba fainali, ambako RS Berkane walichukua kombe, na hapohapo linakuonyesha ni kazi ipi ya Chama iliyokosa mwenyewe: ile pasi ya kuufungua ukuta.

Yanga waliliona pengo hilo mapema. Msimu huo walikutana na Simba mara tatu, Ngao ya Jamii Agosti, ligi Oktoba, na ligi tena tarehe 25 Juni 2025, na Simba haikufunga hata bao moja. Ubingwa ulikwenda Jangwani kwa pointi 82 dhidi ya 78.

Na wa Yanga wasicheke sana, kwa sababu Chama wao hakuwa yule. Katikati palikuwa na Stephane Aziz Ki na Pacome Zouzoua, akawa mtu wa kuingia na kutoka, na baada ya msimu mmoja akaenda Singida Black Stars. Chama alihitaji timu nzima imsubiri, na Yanga ile haikuwa na haja ya kumsubiri mtu. Ahoua ni zaidi ya Chama kwa mabao, pungufu kwa pasi ya mwisho, na pasi hiyo watu wa Simba walipaswa kumdai Fadlu: aliigawa kazi ya mtu mmoja kwa watatu, akaisahau sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote.