Aliyeficha Si Lazima Awe Aliyeua

Naandika kutoka Pazhou, Guangzhou. Mwenzenu si mhakiki wa fasihi. Ni mhandisi wa mitambo, shahada niliipatia Ulaya, na kazi yangu hapa ni kukagua mashine kabla hazijapakiwa kwenye kontena. Lakini kuna jambo lilinitokea karibu na ukumbi wa Maonyesho ya Canton ambalo lilinirudisha kwenye vitabu viwili, na nisipoliandika halitaniacha.

Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, ambaye sote humwita Mzee, huja hapa Aprili na Oktoba kununua jenereta. Miaka mitatu iliyopita alifiwa na kijana wake kwa ajali kwenye barabara ya Nairobi. Tukinywa chai, akanieleza kwamba lile lori lilitumwa. Akamtaja na aliyelituma. Kisha akanionyesha picha, kwa kuwa mimi ni injinia. Nikazitazama kwa jicho la kazi, nikamjibu: tairi la mbele lilipasuka, Mzee, hapa hahitajiki mtu wa kutumwa. Akaniuliza, "Injinia, wewe una mtoto?" Nikasema ninaye. "Basi Mungu akuwekee." Akalipia chai zote mbili, akaondoka.

Usiku ule nilikitoa kitabu cha baba mwingine aliyekataa kuambiwa: The Animals Are Innocent, cha John Ward, kilichotoka 1991. Jina lake tungelisema kwa Kiswahili "Wanyama Hawana Hatia". Binti yake Julie, Mwingereza wa miaka 28 aliyekuja kupiga picha za wanyama, alipotea Maasai Mara Septemba 1988. Baba alipanda ndege, akakodi ndege nyingine za kutafutia, na baada ya siku chache msako wake ukapata kilichobaki: kipande cha mguu, taya, na majivu.

Wakubwa walisema ni wanyama. Baadaye hata radi ilitajwa. Daktari wa polisi aliyeukagua mguu aliandika kwamba ulikatwa kwa kitu chenye makali. Mkuu wake akayabadili maneno hayo kwenye ripoti. Ward aliligundua badiliko hilo, akaling'ang'ania, na mwaka 1989 hakimu wa Nairobi akaamua kwamba kulikuwa na mkono wa mtu.

Kama maandishi, kitabu hiki ni kikavu. Kimejaa saa, maili, na lita za petroli. Wapo wanaoweza kukiona kama cha mtu asiyejua kulia. Mimi nakisoma vingine. Huyu ni mtu anayehesabu ili asianguke, na kila namba ni mahali pa kushika. Nguvu ya kitabu iko hapo: Ward hatuombi tuamini uchungu wake, anatuwekea mfupa na karatasi mezani.

Udhaifu wake uko pale karatasi zinapokwisha. Walinzi wawili wa mbuga walishtakiwa, na 1992 mahakama ikawaachia. Mwaka 1999 aliyekuwa mkuu wa walinzi naye akaachiwa. Baba hakuacha. Alifanya safari zaidi ya 100 za Kenya, na miaka ya baadaye akasema hadharani kwamba muuaji alitoka familia kubwa, na kwamba hata maofisa wa nchi yake Uingereza walisaidia kuficha. Aliyetajwa alikana, na hakuna mahakama iliyompata na hatia. Kwamba jambo lilifichwa, Ward alilithibitisha. Lakini aliyeficha si lazima awe aliyeua. Watu huficha kwa kuogopa, kwa kulinda utalii, kwa kulinda kazi, au kwa kubahatisha tu anachotaka mkubwa.

Kitabu cha pili ni cha Mkenya mwenzetu Grace Musila, A Death Retold in Truth and Rumour, cha 2015. Yeye hatafuti muuaji. Anauliza kwa nini Wakenya walikuwa na jibu tayari kabla ya hakimu. Nami nikijibu kwa kumbukumbu zangu: kizazi chetu kilishuhudia J.M. Kariuki akiuawa 1975, na Robert Ouko 1990, ambaye polisi walidokeza kwamba alijiua. Mahali serikali inaposema uongo, uvumi huwa gazeti la wananchi. Musila anaupa uvumi heshima yake, tena anaonyesha kwamba Mwingereza aliyejiona mwenye akili na ukweli naye alikuwa na yake ya kuficha. Hapo nampongeza. Ninapobaki na njaa ni hapa: uvumi unaweza kujua kwamba tunadanganywa, usijue kabisa nani alifanya nini. Tofauti hiyo ningependa aikaze zaidi, kwa sababu kuna watu waliosimama kizimbani.

Mpime Ward na Mohamed Al-Fayed, aliyempoteza Dodi pamoja na Diana mjini Paris tarehe 31 Agosti 1997. Naye alisema wameuawa, kwa njama ya majasusi na ukoo wa kifalme. Uchungu ni ule ule, fedha alikuwa nazo, na ukaidi ule ule. Lakini mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama London lilisema chanzo ni uendeshaji wa kizembe wa dereva aliyekuwa amelewa, na wa magari yaliyowafuata. Al-Fayed hakuwa na mfupa uliokatwa. Kilichowatofautisha mababa hawa hakikuwa mapenzi wala akili, bali kile kilichokutwa mezani.

Aprili nilimtafuta Mzee. Sikurudia habari ya tairi. Nilimwuliza, "Mzee, ni kitu gani kilikutia shaka kwanza?" Akanyamaza, kisha akafungua simu. Ripoti aliyopewa ina namba ya gari ambayo si ya mwanawe. Aliomba irekebishwe, akaambiwa nenda urudi, na aliporudi aliyemhudumia alikuwa amehamishwa. Namba iliyokosewa si ushahidi wa mauaji. Huenda ni uzembe tu. Lakini ni hitilafu, ni ya kweli, na mimi ninayelipwa kutafuta hitilafu sikuwa nimeiuliza.

Tumeandika pamoja barua ya kuomba irekebishwe. Kwake lori bado lilitumwa, kwangu tairi bado lilipasuka. Chai safari hii nililipa mimi.