Stima Ikipotea, Maji Yanakwenda Wapi?

Simama ufuoni Diani siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka. Nje ya mwamba bahari imeshuka kama mita tatu, lakini ndani, kati ya mwamba na mchanga, bado mna maji ya kuogelea watoto. Yameshuka mpaka kimo cha kizingiti cha mwamba, yakakoma kuuvuka. Ni penye mlango wa mwamba tu ndipo mkondo unaendelea kuyatoa, kwa sababu mlango uko chini kuliko mwamba.

Nilitembea juu ya mwamba huo miaka mingi kabla ya kutambua kwamba ule ni mchoro kamili wa tangi kubwa la samaki lenye sampu. Maji hushuka mpaka kwenye uwazi wa chini kabisa, kisha husimama. Anayejenga tangi la namna hii na asiufuate mwamba huo atapangusa sakafu, kama nilivyopangusa mimi.

Tangi langu lenyewe lina urefu wa sentimita 200, upana 70 na kimo 60. Likijaa ni lita 840. Kwa kioo cha milimita 12 na maji ya chumvi, uzito wake unafika kama tani moja hata kabla ya jiwe la kwanza kutiwa. Kila sentimita moja ya kina chake ni lita 14, na hiyo 14 ndiyo namba niliyopaswa kuiandika ukutani kabla ya kununua kipande chochote cha bomba.

Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi la pili, sampu, lenye urefu wa 120, upana 50 na kimo 45. Tangi la juu ni la samaki na macho ya wageni. Kazi chafu yote iko sampuni: soksi ya kuchuja, mashine ya povu na pampu. Maji huvuka kizingiti chenye meno kwenye ukuta wa nyuma, yakaingia katika kisanduku chembamba, yakateremka kwa bomba hadi sampuni, na pampu huyarudisha juu. Pampu haiendeshi mteremko. Inapandisha tu, kushuka ni kazi ya uzito wa maji yenyewe.

Kizingiti kilinipa somo la kwanza. Pampu yangu imeandikwa lita 5,000 kwa saa, lakini hicho ni kipimo cha pampu isiyopandisha maji popote. Nilipoipima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu, juu ya tangi, ndoo ilijaa kwa sekunde 20, yaani lita 3,600 kwa saa, au lita moja kila sekunde. Maji kiasi hicho yakivuka kizingiti cha sentimita 20, yanasimama karibu sentimita mbili juu ya ukingo. Yakivuka kizingiti cha sentimita 50, yanasimama kama sentimita moja. Nilichagua 50. Tabaka jembamba huburuta mafuta na vumbi lililotanda juu ya maji, na stima ikikatika sentimita ya kushuka ni moja badala ya mbili. Hapo nimeokoa lita 14 bila kununua chochote.

Kwa mabomba ya kushushia nilifuata mpango wa mabomba matatu ambao wafugaji wa samaki duniani wanaujua kwa jina la BeanAnimal. Bomba la kwanza limejaa maji matupu, halina hewa, ni sifoni ile ile ya mpira wa kuhamishia mafuta kutoka jerikeni. Sifoni hupitisha maji mengi, tena kimya, lakini haijui kujirekebisha. Ikivuta zaidi ya pampu inamaliza maji kisandukuni, inameza hewa na kuanza kukoroma. Ndiyo maana ina vali ya kuibana, ipitishe kidogo tu chini ya kile pampu inacholeta. Kibakicho, mchirizi mwembamba, hushuka kwa bomba la pili lililo wazi kwa hewa. Bomba la tatu mdomo wake uko juu zaidi na hukaa kavu siku zote. Konokono akiziba la kwanza, maji hupanda kisandukuni, hufunika kijibomba cha hewa cha bomba la pili, nalo hugeuka sifoni papo hapo. Nalo likishindwa, la tatu lipo.

Neno kwa anayenunua vifaa katika maduka ya Ukunda. Konekta za tangi zinazouzwa kwa wingi ni za shaba ya manjano, na viunganishi vingi vya mabomba ya PPR vyenye nyuzi vina shaba ndani. Kwa maji ya kunywa hakuna tatizo. Kwa maji ya chumvi shaba huliwa, na madini yake huua kamba, konokono na matumbawe hata kwa kiasi kidogo sana. Tafuta plastiki tupu, hata ikibidi kuagiza Mombasa. Na matundu ya kioo yatobolewe kabla ya gundi. Kioo kilichokazwa kwa moto hakitobolewi, hupasuka chote.

Sasa aibu yangu. Fundi wa bomba alipomaliza, tulijaza maji baridi, tukawasha, tukafurahi. Sampu ilikuwa na maji ya kina cha sentimita 25, hivyo nafasi iliyobaki ilikuwa lita 120. Nikazima swichi makusudi. Maji juu ya kizingiti yalishuka, kisha yakaendelea kushuka. Mdomo wa bomba la kurudishia nilikuwa nimeuzamisha sentimita tisa chini ya kizingiti ili usipige kelele. Pampu iliposimama, bomba hilo lilianza kuvuta kinyumenyume. Ulikuwa ndio mlango wangu katika mwamba. Sentimita kumi za tangi ni lita 140, na kisanduku pamoja na mabomba vilileta kama 17. Jumla ni 157 katika nafasi ya 120. Karibu ndoo mbili zilikuwa sakafuni.

"Mzee, tutie vali ya njia moja," fundi akasema. Ni jibu la mafundi wengi, na kwa maji ya nyumbani ni sahihi. Kwa maji ya bahari silikubali. Kibamba cha vali hiyo huota mwani na chokaa, na miezi ikipita hakifungi vizuri. Dawa ni kuunyanyua mdomo wa bomba na kutoboa tundu la milimita sita sentimita moja chini ya kizingiti. Tundu likipata hewa, sifoni inakufa. Husafishwa kila wiki kwa mswaki.

Kipimo cha pili watu hukisahau: stima iko lakini mabomba yote ya kushuka yameziba. Pampu itaendelea kupandisha mpaka chumba chake ndani ya sampu kikauke. Chumba changu ni 30 kwa 50 kwa kina cha 25, lita 37 na ushei, na kwa hesabu ya 14 ni chini ya sentimita tatu juu. Niliacha nafasi ya tano.

Usiku wa 25 Agosti 2023, giza lilipofunika karibu Kenya nzima, wenye matangi walikumbushwa kwamba mafuriko ni hofu ya dakika tano tu. Baada yake ni pumzi ya samaki. Maji ya bahari ya nyuzi 30 hushika kama miligramu 6.2 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 20 hushika 7.4. Katika joto la Diani akiba ni ndogo. Pampu ya hewa ya betri si anasa.

Joto pia hukausha maji, na upungufu wote huonekana katika chumba cha pampu: lita kumi zikiondoka, kimo chake hushuka karibu sentimita saba. Chumvi haiondoki, kwa hiyo jazia maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya hapa vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe na maji yake ni magumu au ya magadi, basi nunua yale yaliyochujwa madukani. Mawe ya tangini nayo usiyang'oe baharini. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na huko Wasini watu wanayapanda upya kipande kwa kipande. Jiwe kavu la machimboni, lile lile la kujengea nyumba, lina vitundu vya kutosha.

Baada ya marekebisho nilizima swichi mara nne kwa siku mbili tofauti, kabla ya chumvi na kabla ya samaki. Mara zote nne maji ya sampu yalipanda na kusimama sentimita 12 chini ya ukingo, na sakafu ikabaki kavu.